Nchi sita za Sonic: Mtoto anapita wapi akishika gemu?

Mtoto akirudi jioni na kuulizwa alikuwa wapi, hutaja uwanjani, dukani au kwa jirani. Akiulizwa alikuwa wapi muda wote alioinamia simu, jibu huwa moja tu: alikuwa anacheza gemu. Wazazi wengi huishia hapo, kana kwamba gemu zote ni mtaa mmoja.

Lakini kila gemu ina ramani yake. Ina barabara nzuri, ina makorongo, na ina kona ambazo mtoto hutoka nazo akiwa amenuna au analia. Mzazi anayeijua ramani hiyo hujua lini amwache mtoto aendelee, lini akae pembeni yake na lini amwambie azime.

Mfano mzuri ni Sonic the Hedgehog, mchezo wa kukimbia na kuruka ulioanza kuuzwa Marekani Juni 1991 na Japani mwezi uliofuata. Wazazi wa leo wenyewe huenda waliucheza kwenye runinga ya mjomba. Watoto wao wamemfahamu Sonic kupitia filamu iliyotoka mwaka 2020, na wengine wamekutana na mchezo wenyewe kwenye simu.

KALUNGUYEYE KUTOKA TOKYO

Sonic alizaliwa Tokyo, katika kampuni ya Sega. Wakati huo kampuni hiyo ilitaka mhusika wa kushindana na Mario wa Nintendo. Naoto Ohshima alimchora, Yuji Naka akaandika programu, na Hirokazu Yasuhara akapanga njia ambazo mchezaji angepita.

Ohshima amewahi kueleza kwamba alipokuwa safarini New York alichukua michoro ya wahusika kadhaa na kuwaonyesha wapita njia katika bustani ya Central Park. Waliyempenda zaidi alikuwa mnyama mwenye miiba. Baadaye akapewa rangi ya bluu, inayofanana na ya nembo ya Sega.

Wengi humdhania nungunungu, lakini huyu ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba mifupi ambaye hata Afrika Mashariki yupo na hutoka usiku kutafuta wadudu. Akiguswa hujikunja akawa mpira. Mchezo mzima umejengwa juu ya tabia hiyo: Sonic hukimbia, hujikunja na kumgonga adui kwa mgongo wa miiba. Mbio ndizo walizomwongezea waundaji.

Safari yake ina kanda sita, kila moja ikiwa na hatua tatu. Baada ya hapo kuna pambano la mwisho na Daktari Eggman, mwenye masharubu makubwa, anayewakamata wanyama na kuwafungia ndani ya mashine.

GREEN HILL: BARABARA NZURI

Ukanda wa kwanza unaitwa Green Hill. Ni minazi, maporomoko ya maji, maua makubwa ya alizeti na udongo wa kahawia uliopangwa kama vigae. Waundaji walikuwa na California akilini, ila mtoto wa pwani yetu hatapata shida kujiona nyumbani.

Hapa mchezo unaonyesha uzuri wake wote. Mtoto anahitaji vidole viwili tu: kimoja cha kuelekeza na kimoja cha kuruka. Hakuna maandishi ya kusoma wala maelezo marefu. Anateremka kilima, kasi inaongezeka, anaingia kwenye kitanzi kikubwa cha barabara, anazunguka kichwa chini na kutokea upande wa pili.

Kasi hiyo haitolewi bure. Akikifikia kitanzi polepole atarudi chini, na itabidi arudi nyuma, achukue mwendo, kisha ajaribu tena. Aliyewahi kusukuma baiskeli kupanda mlima analijua somo hilo. Mtoto wa miaka sita hulielewa bila mwalimu.

Tena njia si moja. Ya juu ni ya haraka, lakini inataka mikono iliyozoea. Anayeanguka hakosi njia: anatua kwenye barabara ya chini, yenye vikwazo zaidi, na safari inaendelea. Kaka na mdogo wake wanaweza kucheza hatua ileile, kila mmoja akapita njia ya uwezo wake.

PETE MOJA HUOKOA

Njiani kuna pete za dhahabu. Akiokota 100 anapata uhai wa ziada. Kazi kubwa ya pete, hata hivyo, ni ulinzi. Akigongwa na adui akiwa na pete, hafi. Pete zote zinatawanyika, naye ana sekunde chache za kuziwahi. Hata akiwa na moja tu, itamwokoa.

Huu ni mpango wa huruma. Mtoto anajifunza kwamba kupoteza kila kitu si mwisho, mradi ainame na kuokota kidogo kilichobaki. Mzazi anayetazama pembeni ataona namna mtoto wake anavyopokea hasara: yupo anayepagawa na kukimbilia pete zote akaangukia shimoni, na yupo anayeokota mbili na kuendelea na safari.

Huruma hiyo ina kasoro moja. Katika mchezo wa mwaka 1991, mhusika aliyegongwa hubaki salama kwa muda mfupi, isipokuwa kwa miiba iliyosimama ardhini. Akirushwa akatua juu ya miiba bila pete, anakufa papo hapo. Mtoto anayelalamika kwamba ameonewa hapo ana haki ya kulalamika.

MARBLE: MBIO ZINAPOKATIKA

Ukanda wa pili, Marble, ni magofu ya mawe ya zambarau yenye mapango ya moto wa volkano chini yake. Hapa mtoto aliyefundishwa kukimbia anaambiwa asimame. Vyuma vyenye ncha hushuka kutoka darini kisha hupanda, na lazima avisubiri. Kuna jiwe la kusukuma hadi kwenye moto, kisha kulipanda na kungoja livuke naye taratibu.

Wapo wanaoiona hii kuwa dosari kubwa ya mchezo, na hoja yao ina uzito. Sonic alitangazwa kwa kasi yake. Mtoto ameionja katika hatua tatu, kisha ananyang'anywa bila kuelezwa sababu. Akiendelea kukimbia alivyozoea anakufa, anarudi kwenye nguzo ya taa aliyoipita mwisho, anakufa tena. Ana uhai wa mara tatu tu wa kuanzia. Hapo ndipo pedi hurushwa kwenye kochi.

Upande wa pili wa hoja uko kwa mzazi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini methali hiyo mtoto huisikia kila siku hadi ikapoteza ladha. Hapa anaiona ikitendeka kidoleni mwake. Anayehesabu kimya, "moja, mbili, sasa," anapita. Mzazi akikaa karibu dakika tano na kumsaidia kuhesabu atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kumwambia aache makelele.

SPRING YARD NA LABYRINTH: MJI WA TAA NA HEKALU LA MAJI

Spring Yard ni mji wa jioni wenye mabango ya taa na vidude vinavyomrusha Sonic huku na huku kama gololi. Unafurahisha, ingawa mara nyingi mchezaji harushwi kwa hiari yake. Mtoto hucheka, na pengine hajui kwa nini amefaulu au ameshindwa.

Labyrinth ndio ukanda ambao mzazi wa mtoto mdogo anapaswa kuujua mapema. Ni hekalu la mawe lililozama. Ndani ya maji Sonic anakuwa mzito, kuruka kunachelewa, mikuki inachomoza ukutani. Baada ya muda mfupi pumzi inaanza kuisha. Namba zinatokea kuanzia tano kushuka hadi sifuri, muziki unabadilika na kwenda mbio, na asipopata povu la hewa linalotoka sakafuni, anazama.

Hakuna damu wala picha ya kutisha. Hata hivyo muziki ule wa kuzama umebaki masikioni mwa watu wazima waliocheza utotoni. Kwa mtoto wa miaka mitano, hasa aliyewahi kuogopeshwa na maji, unaweza kuwa mzigo wa kwenda nao kitandani. Kuzima sauti si dawa, kwa sababu sauti ndiyo onyo lenyewe: bila hiyo anaweza kuzama bila kujua. Bora ukanda huu uchezwe mchana, na mtu mzima akiwa karibu.

STAR LIGHT NA SCRAP BRAIN

Aliyevumilia maji analipwa Star Light. Ni mji wa usiku unaojengwa, nyota juu, taa za barabarani chini, na muziki mpole wa Masato Nakamura wa kundi la Dreams Come True, aliyetunga muziki wa mchezo mzima. Kasi inarudi. Mtoto anatiririka, na mtu aliyeketi pembeni naye anajikuta akitabasamu.

Ukanda wa sita, Scrap Brain, ni kiwanda cha Eggman: misumeno ya duara, ndimi za moto, sakafu zinazofunguka. Hapa kasoro kuu ya mchezo inakuwa wazi. Skrini inaonyesha sehemu ndogo ya njia iliyo mbele, na Sonic akikimbia kwa kasi yake hatari inatokea wakati kidole kimeshachelewa. Mchezo unamwita mtoto akimbie, kisha unamwadhibu kwa kukimbia. Njia ya kushinda ni kufa mara kadhaa na kukariri kila kona. Anayekariri vizuri atapita. Mwepesi wa macho ambaye hajakariri atakwama.

Pambano la mwisho halina pete hata moja. Kosa moja, anaanza upya. Na akishinda bila kukusanya zumaridi sita zilizofichwa katika hatua za ziada, Eggman anatokea akizichezea mikononi na kumwambia ajaribu tena. Akizikusanya zote, maua yanachanua Green Hill. Hatua hizo za ziada ni vyumba vinavyozunguka muda wote. Mtoto mwenye kizunguzungu au anayesumbuliwa na taa za kumetameta asizicheze.

UGOMVI WA KUZIMA

Katika nyumba nyingi ugomvi huanzia kwenye neno "zima". Mzazi anaona ni mchezo tu. Mtoto anaona jasho lake linamwagwa. Katika mchezo wa awali mtoto yuko sahihi, kwa kuwa hauhifadhi mahali alipofika. Akizima ukanda wa tano, kesho anaanza na minazi ya Green Hill.

Hapa mpangilio wa mchezo wenyewe unaweza kuwasaidia wote wawili. Kila hatua ina kikomo cha dakika 10. Zikipita, mchezaji anapoteza uhai mmoja. Kwa hiyo badala ya kusema "nusu saa", ambayo humkuta mtoto katikati ya daraja, mzazi anaweza kusema "hatua mbili". Mtoto anajua mwisho uko wapi, anaufikia kwa miguu yake mwenyewe, na kuzima hakumuumi sana. Akifa njiani, wakubaliane tangu mwanzo kama jaribio hilo linahesabika.

Toleo la simu la mwaka 2013 liliondoa sehemu ya tatizo hili: linahifadhi alipofika, na linamruhusu Sonic kujizungusha papo hapo ili apate kasi, jambo ambalo lilianza katika mchezo wa pili wa mwaka 1992. Lakini kioo cha simu kina shida zake. Vidole hufunika sehemu ya njia, na kitufe kisichoshikika hupotea katikati ya kuruka. Vifo vingine humo si kosa la mtoto.

Mwaka 2017 Sega ilianza kutoa michezo yake ya zamani bure kwenye simu, ikiambatana na matangazo. Bure hiyo hula bando, na mtoto asiyejua kusoma hubonyeza chochote kinachong'aa. Mzazi akizima data kabla ya kumkabidhi simu, tatizo hilo kwa kiasi kikubwa linapungua.

KABLA YA KUMPA SIMU

Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, Green Hill peke yake inatosha kwa miezi. Wa miaka saba hadi tisa anaweza kuiendea Marble akiwa na mtu wa kumtuliza. Labyrinth na Scrap Brain ziachiwe wakubwa zaidi, au mtoto ambaye amekwisha kuonyesha kwamba akishindwa hupumzika, akanywa maji, kisha akarudi.

Na badala ya kumuuliza kama ameshinda, mzazi amuulize amefika wapi na nini kilimzuia. Mtoto aliyekwama Marble ataeleza kwa mikono miwili jinsi vyuma vinavyoshuka, na mzazi anayejua kwamba pale hakuna dawa ila kusubiri atakuwa na la kumwambia.