Piki ya gita, kadi ya laini na mkono wangu

Leo tuache programu kidogo. Nataka kuongea juu ya piki, kile kipande cha plastiki tunachochapia nyuzi za gita. Najua utasema hicho ni kitu cha shilingi chache, kuna nini cha kuandika? Ngoja kwanza.

Mimi hushinda kwenye kibodi tangu asubuhi, na jioni huchukua gita. Miaka michache iliyopita kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuuma. Nikalaumu kazi. Nikabadilisha kiti, nikanunua kibodi nyingine, maumivu yakabaki pale pale. Baadaye nikaona kwamba wiki ambayo sikugusa gita, sikuumwa. Kwa mtu ambaye ugali wake hutoka kwenye vidole, hiyo si habari ya kuchekea. Nilikuwa karibu kulitundika gita ukutani moja kwa moja.

Sasa, kuanzia hapa Nyeri hadi Karatina na Kerugoya, ukisema unapiga gita watu watakuuliza kama unapiga mugithi. Ni mtu mmoja na gita lake, mara nyingi na kinanda kinachojipigia ngoma, na watu wameshikana mabega kama mabehewa (mugithi kwa Kikuyu ni gari moshi). Ridhimu hiyo haipumziki. Mkono wa kulia unapanda na kushuka saa nzima, nyimbo zikiunganishwa bila kusimama. Kosa dogo kwenye piki unalirudia mara elfu kadhaa kwa usiku mmoja!

Piki yangu ilikuwa ya nailoni, 0.46 mm. Niliichagua mwenyewe, nikijiambia kwamba kitu laini hakiwezi kuumiza mkono. Mantiki safi kabisa, na si kweli. Piki nyembamba hupinda kwanza ndipo uzi ulie, kwa hiyo nguvu yako nyingine inaishia kwenye kupinda. Unataka sauti isikike, unachapa kwa nguvu zaidi. Piki inazunguka kati ya vidole, unaibana zaidi. Mwezi wa Julai, baridi ya Nyeri ikishafanya vidole kufa ganzi, nilikuwa naibana kama koleo.

Nilitaka kujaribu unene mwingine, lakini madukani huku unauziwa iliyopo. Basi nikafanya alivyofanya kila mpiga gita asiye na piki: nikachukua ile kadi kubwa ambayo laini ya simu huchomolewa, mkasi na msasa. Nikaipima kwa kalipa ya dijitali: 0.76 mm. Haikuwa bahati. Kadi za ukubwa huo, pamoja na za benki, hufuata kiwango cha ISO/IEC 7810, na unene wake ni huo popote duniani. Yaani mfukoni una piki ya unene wa kati, iliyosanifiwa kimataifa! Shida yake ni kwamba plastiki hiyo hulika haraka, na sauti yake ni butu kidogo.

Nikapanda ngazi. CD ina unene wa 1.2 mm na ni polikaboneti, ngumu. Nilikuwa na zile za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi 2011. Usitumie mkasi, itapasuka. Tumia msumeno mwembamba, kisha ubandue ule utando wa fedha. DVD usihangaike nayo. Ni bamba mbili za 0.6 mm zilizogundishwa, na ukiikata zinaachana.

Piki ya CD ilinishangaza. Haikupinda hata kidogo, kwa hiyo mguso mdogo tu ulitosha. Lakini ncha yake kali ilikuwa ikikwama kwenye nyuzi. Fundi mmoja wa magita Karatina, mzee wa watu, alinitazama nikipiga akasema, "Kijana, mbona unaikaba shingo? Igeuze." Akaigeuza, nikapigia ile kona ya mviringo. Ikateleza juu ya nyuzi. Wapiga mandolini wengi wanaijua mbinu hiyo: nyuzi zao nane zimekaa jozi nne na zimekazwa sana, piki nyembamba inapapasa tu, hivyo wao hupenda nene na ya mviringo.

Zamani piki iliyosifiwa kuliko zote ilitengenezwa kwa gamba la ng'amba, yule kasa wa pwani yetu. Magamba hayo yalikuwa yakiuzwa nje kutoka Afrika Mashariki tangu karne ya kwanza. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus kinayataja. Mkataba wa CITES wa 1973 ulikuja kuifunga biashara hiyo, na vizuri. Tortex, ya mwaka 1981, ni plastiki iliyotengenezwa kuiga gamba hilo. Uso wake una ungaunga usioteleza hata kwenye baridi, na kila unene una rangi yake.

Mimi nimetulia kwenye Tortex ya zambarau, 1.14 mm, kona ya mviringo, nikiishika kama ninavyoshika funguo. Wiki mbili za kwanza ridhimu ilisikika nzito kama mtu anayebisha mlango, mpaka mkono ulipojifunza kupunguza nguvu. Kifundo bado huuma nikikesha na kibodi. Nikipiga gita, hakiumi.