Unamwimbia nani?

Watoto wengi hufundishwa kuimba kwa kukaririshwa. Mwalimu anatamka mstari, wao wanaurudia, na siku ya mahafali wanasimama mbele ya wazazi na kuumaliza wimbo wote bila kukosea neno. Kinachokosekana ni maana. Sauti zipo, lakini nyuso ni kavu.

Katika shule moja ya msingi jijini Dar es Salaam, mwalimu wa kwaya alichagua wimbo ambao kina baba wengi wangeutambua mara moja: "You'll Never Walk Alone". Wavulana walifurahi mno. Kwao huo ni wimbo wa mashabiki wa Liverpool, nao wakauimba kama wako uwanjani, kwa nguvu tangu neno la kwanza, mikono juu.

Mwalimu aliwaeleza ulikotoka. Kabla ya kufika uwanjani ulikuwa wimbo wa jukwaani. Richard Rodgers na Oscar Hammerstein waliutunga kwa ajili ya "Carousel", mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ulioonyeshwa New York mwaka 1945. Mashabiki wa Liverpool waliuchukua baada ya bendi ya mji wao, Gerry and the Pacemakers, kuurekodi mwaka 1963. Ndani ya mchezo, Julie ni mjamzito na mumewe ametoka kufariki. Nettie, ndugu yake, ndiye anayemwimbia. Mwishoni wimbo unarudi tena, siku ya mahafali ya binti aliyezaliwa baba hayupo.

Ili watoto waonyeshe hisia, mwalimu aliwataka kila mmoja akumbuke jambo lililowahi kumhuzunisha. Baadhi walikunja uso, wengine wakacheka. Mvulana mmoja wa darasa la sita, aliyefiwa na baba yake mwaka uliotangulia, alinyamaza kabisa. Wiki iliyofuata alimwambia mama yake kwamba kwaya haitaki tena.

Mama hakumlazimisha, wala hakukimbilia kumtoa. Alikwenda shuleni, akamsubiri mwalimu hadi vipindi vilipoisha. "Mwanangu kuimba anapenda," alimwambia. "Ila hilo la kukumbuka, mwalimu, yeye hahitaji kukumbushwa."

Mwalimu akabadili zoezi. Aliwakalisha watoto, akawataka wayaseme maneno ya wimbo kwa Kiswahili chao wenyewe, kama mtu anayezungumza na jirani aliyefiwa. Kisha akawauliza: mkienda msibani, nani analia na nani anabembeleza? Walijibu bila kusita, maana misiba wameiona. "Basi hapa anayelia ni Julie," akasema. "Ninyi ni Nettie. Mkilia ninyi, nani atamshika?"

Hapo uimbaji ukabadilika. Hakuna anayempigia mfiwa kelele, kwa hiyo walianza chini. Walivuta pumzi pale sentensi inapoishia, si pale kifua kinapochoka. Nguvu wakaitunza mpaka mwisho, ambako wimbo wenyewe unapanda. Nyuso hazikuhitaji tena kufundishwa.

Yule mvulana alirudi baada ya wiki mbili. Alisimama safu ya nyuma kwa ombi lake mwenyewe, na siku ya mahafali aliimba mpaka mwisho. Lakini kwa mama yake, kubwa lilikuwa limeshatokea nyumbani. Jioni moja, akiosha vyombo, kijana alimsimulia mdogo wake habari za Julie, na katikati ya hadithi akamtaja baba yao bila kukatisha maneno.

Mzazi anayemsikia mtoto akifanya mazoezi nyumbani hana haja ya kujua nota za muziki. Kumwambia "tabasamu" au "weka hisia" humfanya mtoto aigize uso tu. Maswali matatu yanatosha: Anayeimba ni nani? Anamwimbia nani? Anataka huyo mtu afanye nini akishasikia? Mtoto asipoweza kujibu, wimbo bado haujamwingia, hata kama maneno yote anayo kichwani.

Na wimbo ukigusa jeraha la nyumbani, mwalimu aambiwe mapema. Yeye ana kwaya nzima mbele yake. Jeraha la mtoto mmoja analijua mzazi.