Nyumba ya Wote, Karatasi ya Mmoja

Ndugu msomaji, na wewe mama unayelinda feza ya nyumba, sikia mambo yaliyotupata sisi watu saba wa Kama.

Tulikuwa wachimbaji wa zahabu. Kila juma tulitoa kidogo katika likelemba, lakini hatukutaka kugawana na kula. Tulisema: zahabu inakwisha katika shimo, nyumba inabaki. Tukanunua kiwanja Kindu, tukajenga vyumba sita vya kupangisha. Nani aandikwe kwenye karatasi? Tukamchagua mzee wetu. Ni yeye pia alikusanya kodi, ni yeye alilinda sanduku. Alikuwa mwaminifu kabisa.

Halafu akafa. Ndugu zake wakaja na karatasi ile: “Nyumba ni ya marehemu.” Sisi tulikuwa na daftari la likelemba tu. Mjane alishuhudia ukweli, na kwa sababu hiyo wakamfukuza. Kisha maneno ya miezi mingi mbele ya wazee, tukapata vyumba viwili. Kosa lilikuwa letu: tulijenga nyumba mbele ya kujenga mapatano.

Kwetu, kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na cheti cha kuandikishwa ndicho kinachoishuhudia. Jina lililo pale ndilo linalosema.

Baadaye nilijifunza namna wenzetu wa Kenya wanavyopanga mifuko ya majumba, kwa kanuni za mwaka 2013. Watu wengi wananunua vipande vya mfuko mmoja. Meneja anatafuta wapangaji na kuangalia majumba. Lakini mali yenyewe inashikwa na mdhamini, kama vile benki, kwa ajili ya wenye vipande. Mfuko wa kupangisha lazima uwagawie angalau 80 kwa mia ya faida. Hivi hakuna mtu mmoja anayeshika karatasi, sanduku na ufunguo pamoja.

Usifikiri tena ni mali ya upesi. Mfuko wa Fahari uliuza kipande shilingi 20 mwaka 2015. Mwaka 2023 watu wadogo waliotaka kutoka walipewa shilingi 11. Nyumba haiuzwi asubuhi moja kama gramu ya zahabu.

Basi, kama muko kikundi, fanyeni hivi. Tangu 2012 Congo iko katika OHADA, na sheria yake inaruhusu hata watu watano kuunda koperative nyepesi. Iandikisheni, na kiwanja kiandikwe kwa jina lake. Mmoja akusanye kodi, mwingine alinde feza, wa tatu ahesabu mbele ya wote. Tengeni kidogo kwa ajili ya mabati yatakayooza. Tena andikeni: mtu akitaka kutoka, atalipwa lini? Akifa, sehemu yake ni ya nani?

Swali hili la mwisho, muulize na mke wako akiwa karibu. Mjane wa mzee wetu hakuulizwa, na leo anapanga chumba cha wengine.