Pa Kukaa Mpishi

Katika mikahawa ya Migori, kando ya barabara kuu iendayo Isebania, na ile ya Homa Bay inukiayo samaki wa ziwani, kila shubiri ya ardhi hupewa meza ya mteja. Mpishi hubadili nguo nyuma ya magunia ya makaa. Mhudumu aliyesimama tangu alfajiri hula ugali wake wima. Ilhali Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai maji ya kunywa, pa kunawia, pa kuwekea nguo, na hata viti. Ufinyu wa kiwanja si udhuru: chumba chaweza kujengwa juu ya ghala, ngazi ikapita nje. Choo ndicho kigumu, kwani hakifai kupakana na jiko. Hapo mwenye mkahawa hana budi kuondoa meza moja, pengine ile ya dirishani.