Mwezi wa Kungoja: Kasese na Bwera



Kwetu hapa kambini hakuna nyumba isiyojua mwezi wa kungoja. Mmoja anangoja karatasi, mwingine anangoja majibu ya hospitali, mwingine anangoja mtu. Mwezi wa namna hiyo hautembei. Siku inakuwa kama wiki, chakula hakina ladha, na mzazi anaanza kugombeza watoto bila sababu.

Wangu niliupitishia Kasese na Bwera, Februari 2025. Goma ilikuwa imeanguka mwisho wa Januari, vita vilikuwa vinapanda upande wa Lubero, na mdogo wangu alikuwa njiani na watoto watatu: afike Butembo, kisha Beni, kisha Kasindi mpakani. Simu yake inapatikana siku moja, inazimika siku nne. Mimi nilikodi kachumba Kasese, nikawa nafulia watu nguo, na siku za soko nashuka Bwera kuangalia wanaovuka.

Habari za vita tunazijua, sitazirudia. Nataka niwaambie juu ya miji hii miwili, maana wengi wenu mtapita huko siku moja, na juu ya vitu vidogo vilivyonifanya nisivunjike.

Tuanze na Kasese. Ni mji wa joto, uko bondeni. Upande mmoja ni tambarare, upande mwingine ni ukuta wa milima ya Rwenzori. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109, ni cha tatu kwa urefu Afrika nzima, na juu kuna barafu ingawa Ikweta iko pale karibu. Saa sita mchana mlima hauuoni, mawingu yameufunika na jua linakuchoma kichwa. Lakini amka saa kumi na mbili asubuhi, kaa mlangoni. Jua likitoka linapiga mlima usoni, mabonde yake yote yanaonekana moja moja, na migomba, na vinyumba vya watu wa juu kabisa vinavyotoa moshi. Dakika ishirini hivi, basi, vumbi na makelele ya pikipiki yanaanza.

Sisi tuliotoka upande wa Beni mlima huu tunaujua. Mpaka unapita juu yake, nusu ni ya Uganda, nusu ni ya Kongo. Mtu wa Mutwanga anauona mgongo, mtu wa Kasese anauona uso. Asubuhi zile nilikuwa najiambia: mdogo wangu yuko nyuma ya huu huu. Haikuondoa hofu, lakini ilinipa mahali pa kuelekeza macho wakati wa kuomba.

Jioni, kazi ikiisha, nilikuwa natembea mpaka kwenye stesheni ya zamani. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, ikaja kubeba shaba ya Kilembe, migodi ile iliyo juu ya mji. Uchimbaji wa shaba ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi sasa hakuna treni inayofika. Lakini ni mahali pa kutembea bila kulipa, na kuna kivuli. Pale nilikutana na mzee mmoja aliyefanya kazi Kilembe ujana wake. Anaongea Kiswahili kizuri cha kazini, maana migodini watu walikuwa wa makabila mengi. Ananiambia, “Mama, zamani treni ikipiga honi, watoto wote wanakimbia kuangalia.” Halafu anaipiga honi yenyewe kwa mdomo! Nilicheka mpaka nikashangaa kusikia sauti yangu. Nilikuwa sijacheka wiki mbili.

Mto wa Kasese ni Nyamwamba, unatoka huko huko milimani. Si mto wa mchezo. Ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukabeba nyumba na kuharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Lakini siku ambayo maji ni madogo, watoto wanaoga wakipiga kelele, mama wanaanika nguo juu ya mawe, na hadithi hazikosi. Watu waliopoteza nyumba kwa mto huo ndio wanafulia nguo hapo hapo. Niliangalia jambo hilo nikajifunza kitu.

Sasa tushuke Bwera. Kutoka Kasese si mbali, hazifiki kilomita 60. Teksi inapita ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, na karibu na Kikorongo kuna alama za Ikweta kando ya barabara. Pale Kikorongo unakata kulia kwenda mpakani. Ukipata nafasi, kaa dirishani. Wazungu wanalipa dola nyingi kuona wanyama wa mbuga ile, mimi nimeona swala wengi na tembo wawili kwa nauli ya teksi tu, tena mtoto wa jirani amelala mapajani mwangu. Kila safari nilikuwa nahesabu nimeona wanyama wangapi. Ni mchezo wa kitoto, lakini kichwa kinachohesabu swala hakina nafasi ya kuhesabu mabaya.

Bwera iko juu kidogo, na chini yake ni Mpondwe, penye mpaka na mto Lhubiriha. Siku za soko ni Jumanne na Ijumaa. Siku hizo mpaka unajaa kama kichuguu. Kutoka Kongo vinakuja vitenge na mafuta ya mawese, kutoka Uganda vinakwenda samaki wakavu, sabuni, na chumvi ya Katwe. Shilingi na franga zinatembea pamoja. Na lugha! Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wa damu moja, lugha zao zinasikilizana. Kwa mara ya kwanza tangu nikimbie, nilisimama sokoni nikaambiwa “Wasingya,” yaani asante, bila mtu kuniuliza natoka wapi.

Kuna mama mmoja anayepika sombe na samaki mkavu, anaweka mawese kama nyumbani. Siku ya kwanza aliniangalia, akasema, “Wewe hukuja kununua, umekuja kungoja.”

Nikamwambia, “Ndiyo, mama. Namngoja mdogo wangu.”

“Basi kula. Mtu hangoji na tumbo tupu.”

Watu wa Bwera wanajua wanachosema. Mwaka 2019 Ebola ilivuka hapo, na mtoto wa miaka 5 akafia katika hospitali ya Bwera. Juni 2023 waasi wa ADF waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Nilipokwenda, mwaka wa pili ulikuwa haujatimia, na mama zao wako pale pale sokoni, wanauza nyanya, wanasalimia wateja. Hawajasahau. Wala usifikiri mwenye kucheka hana kaburi moyoni.

Wako watu watasema: dada yako yuko porini, wewe unakula sombe na kuangalia milima? Hata mimi moyo ulinisema hivyo. Lakini angalieni ilivyokuwa. Ijumaa ya mwisho ya mwezi, tarehe 28, niliwaona wanavuka. Mdogo wangu amekonda, mtoto wa katikati hana viatu, yule mdogo haongei. Mume wake amebaki Butembo. Nilimkumbatia, akaanguka juu yangu uzito wote. Kama mwezi ule ningeupitisha kitandani bila kula wala kulala, tungeanguka wote wawili. Mtu anayengoja ana kazi moja, kubaki na nguvu za kupokea.

Niliwapeleka kwa yule mama. Mtoto asiyeongea alimaliza sahani, akaomba nyingine. Hilo ndilo neno lake la kwanza Uganda: “Tena.” Baada ya hapo ndiyo tukaenda kuandikishwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiwa na mwezi kama huo, nawaachia haya machache. Chagua saa moja ya siku ambayo ni yako, asubuhi ni nzuri zaidi, na simu uiweke pembeni. Tafuta kitu kisicho na malipo: mlima, mto, njia ya kutembea, kwaya inayofanya mazoezi kanisani. Kula na mtu, usile peke yako. Ongea na mzee mmoja, wazee wana hadithi na wanapenda kuulizwa. Na watoto wakicheka siku ya huzuni, usiwanyamazishe.

Atakayepita Bwera siku ya Jumanne au Ijumaa, aulize sombe karibu na mpaka. Na nyinyi mliongojea Fort Portal, Mbarara au Kampala, tuandikieni ni kitu gani kidogo kiliwashika mkono huko. Wapo wanaoanza kungoja mwezi huu.

Mungu awalinde.