Filamu ya Ziwa Letu

Kuna filamu za kutazamwa mara moja, na kuna nyingine ambazo mtu huzirudia, kila mara akiona lililompita. Kwangu mimi ya kwanza kati ya hizo ni L'Odyssée de l'African Queen, iliyoongozwa na John Huston mwaka 1951. Sehemu yake ilipigwa nchini mwetu, kwenye mto Ruiki, na nyingine Uganda. Chanzo chake ni vita vya ziwa hili hili la Tanganyika.

Vijana wapendwa, mara ya kwanza mtavutwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, nahodha mpenda pombe na dada wa misioni ya Kimetodisti, wakiteremka mtoni ili waizamishe meli ya Wajerumani. Ni haki yenu. Wanaigiza vizuri mno. Mara ya pili, angalieni mwanzo wake. Ni mwaka 1914, ndani ya kanisa. Mchungaji anaimbisha, dada yake anapiga kinanda, nao waamini weusi wanatoa sauti tu, bila kuyajua maneno. Nje kinatupwa kipisi cha sigara, na wanaume wanakigombania. Punde askari wanakichoma kijiji, na watu wale wanatoweka katika hadithi. Hakuna hata mmoja aliyepewa jina.

Mimi humtafuta katekista katika kanisa lile, wala simwoni. Mwaka huo Mapadre Weupe walikuwa Mpala tangu 1885, na wakatekista wenyeji ndio waliowaeleza watu imani kwa lugha wanazozielewa.

Tena mambo yenyewe yanaishinda filamu. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Katika milima ya Mitumba zilivutwa kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya wenyeji, waliofyeka njia na kujenga madaraja. Safari hiyo Huston hakuionyesha, nami naona alipoteza filamu bora zaidi. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, haikuzamishwa na shujaa yeyote: waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, tutaitazama tena. Aliye na babu au bibi aliyesimuliwa habari za mashua zile, aje naye.