Redio, Daftari na Baraza

Wapo wanaodhani kuwa mitambo iliingia katika elimu ya nchi yetu siku ile kompyuta ya kwanza ilipotolewa sandukuni. Dhana hiyo hatuikubali. Kabla ya kompyuta palikuwa na redio, na kabla ya redio kuwa mwalimu palikuwa na baraza, yaani watu walioketi pamoja, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakapatana la kufanya. Katika makala hii tunalo neno moja tu la kusema: chombo cha kufundishia, kiwe cha kale au cha leo, kimetufaa kila kilipokaribishwa barazani, na kimetushinda kila kilipofungiwa chumbani.

Tutaanzia Msowero, kwa kuwa ndiko tunakokujua. Kijiji hiki kiko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, katika barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini, huku milima ya Ukaguru ikionekana upande wa magharibi. Wenyeji ni Wakaguru. Lakini mashamba ya mkonge ya Rudewa na Kimamba yaliwaleta watu wa makabila mengi, na wafugaji nao wakaja na ng'ombe wao, hata Kiswahili kikawa ndicho kiungo cha wote. Jambo hilo la lugha msomaji alishike, maana tutalirudia.

Mwaka 1964, alipokuwa akiueleza Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba taifa halina budi kuanza na elimu ya watu wazima, kwa sababu elimu ya watoto ingechukua miaka mingi kabla ya kuzaa matunda. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu walikuwa wachache, vitabu haba, na barabara zilikatika kila masika. Redio peke yake ndiyo iliyoweza kuvuka mito iliyofurika. Zikafuatana kampeni: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Katika hizo, Mtu ni Afya ndiyo iliyotikisa nchi. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwa muda wa majuma kumi na mawili kikundi kilikutana mahali pamoja, kikasikiliza kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kikasomwa kitabu cha kampeni kwa sauti ili asiyejua kusoma naye asipitwe, kisha yakaanza mazungumzo. Malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu: kila ugonjwa ulijadiliwa, na mwishoni kikundi kiliamua kitafanya nini kabla ya kukutana tena.

Sisi wakati huo tulikuwa na umri wa miaka mitatu, kwa hiyo hatudai kuyakumbuka. Lakini tulipokwisha kuingia kazini tulionyeshwa na mzee mmoja wa kijijini daftari la kikundi chake, alilolihifadhi katika sanduku la bati pamoja na risiti za kodi. Ndani yake mlikuwa na majina, alama za mahudhurio, na azimio kwamba kila kaya ichimbe choo kabla ya mvua. Mbele ya majina mengi pameandikwa "amechimba". Mbele ya jina moja pameandikwa "bado", juma lililofuata "bado", likafuata "bado" la tatu na la nne, ndipo likaja "amechimba" lililopigiwa mstari mara mbili. Tulilitazama daftari lile kwa muda mrefu. Mtangazaji wa Dar es Salaam hakujua kama mtu yule amechimba au hakuchimba. Aliyejua ni jirani yake, aliyekuwa na kalamu.

Tulianza darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka ule ule wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ambayo watu waliizoea kwa herufi zake, UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto apelekwe shule, nalo lilihitaji walimu maelfu kwa maelfu ambao vyuo visingeweza kuwatoa. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, waratibu wa kata wa kuwasimamia, na mwishoni mafunzo mafupi chuoni. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wapo waliowadhihaki, wakazigeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Dhihaka hiyo haikututoka kinywani hata siku moja, na sababu yake ni hii.

Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijamwota sawasawa. Asubuhi alitufundisha, alasiri aliketi na wenzake watatu chini ya mwembe wa shule, redio juu ya dawati, kila mmoja na karatasi zake za posta magotini. Watoto tulijibanza nyuma ya ukuta tukisikiliza. Siku moja sauti ya redio ilieleza namna ya kumfundisha mtoto kutoa kwa kutumia vijiti, na wale vijana wakabishana hata jua likakaribia kuchwa: mmoja akisema vijiti vinatosha, mwingine akisema mtoto wa mkulima aelewe kwanza kwa mahindi ya mama yake. Kesho yake mwalimu aliingia darasani na mahindi. Tukajua kuwa naye anafundishwa, na heshima yetu kwake ikazidi kuliko kama angetuletea ujuzi usiojulikana umetoka wapi.

Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Ilipofika 1986, kwa hesabu za majaribio ya kisomo, waliobaki ni kama mmoja katika kumi.

Tuliajiriwa mwaka 1992, na cheti cha kidato cha nne, kuwa karani wa vifaa katika elimu ya watu wazima. Vifaa vyenyewe vilikuwa redio, kaseti, na yale ambayo vijijini twayaita mawe ya redio. Zama hizo fedha za serikali zilikuwa zimepungua sana, na kikundi kizima kiliweza kunyamaza kwa kukosa mawe manne. Tuliwakuta watu wameyaanika juu ya bati yapate joto, yarudishe nguvu kidogo, ya kutosha kipindi kimoja. Kwa kuwa tulikuwa pia watunzi wa mashairi, pale ambapo redio ilikataa kabisa tulighani beti tulizozitunga wenyewe kuhusu mbolea au chanjo, na mazungumzo yakaendelea kama kawaida. Jambo hili halikutushangaza. Baraza likiisha kuzoea kuwa baraza, halichagui sana nani alianzishe.

Kompyuta zikaja baadaye. Mwaka 2007 wizara ilitoa sera ya teknolojia ya habari na mawasiliano kwa elimu ya msingi, na kwa miaka iliyofuata tulizunguka na mafundi kuvifunga vyombo hivyo mashuleni. Yako mashule yaliyonufaika sana. Lakini tuliiona shule moja, hatutaitaja, ambako kompyuta kumi zilifunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vizuri kama vya sebuleni, na mlango ukafungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulihama pamoja na mwalimu aliyehamishwa. Wanafunzi walikuwa wakichungulia dirishani. Tulimwuliza mwanafunzi mmoja kilichomo ndani, akajibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, humo mna mali ya shule."

Si lazima iwe hivyo, na ushahidi uko karibu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwaka 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la kimataifa la watengenezaji programu, lililosimamiwa kwa ushirikiano wa UNESCO na serikali yetu. Wengi wa watoto wale walikuwa hawajawahi kukanyaga darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilipungua sana. Watu wa nje walisifu akili ya programu. Sisi tuliangalia mambo mawili ambayo hayakusifiwa vya kutosha: masomo yalikuwa ya Kiswahili, na vijijini walichaguliwa kina mama wa kutunza vituo vya umeme wa jua ambako vishikwambi vilichajiwa. Kwa maneno mengine, mtoto alikuwa na mahali pa kwenda, na mtu wa kumwuliza jana ulikuwa wapi.

Na hapo ndipo lile la lugha linaporejea. Mtu ni Afya iliwaingia Wakaguru, wafugaji na wakata mkonge kwa siku moja kwa kuwa ilinena lugha ya baraza lao. Somo la kompyuta katika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi akirudi nyumbani hawezi kumweleza mama yake alichojifunza hata kama amekielewa. Maneno hatuna uhaba nayo. Tarakilishi lipo, kishikwambi lipo. Hili la pili watu walilicheka mwanzoni, na leo mtoto wa darasa la pili hulitamka bila kujikwaa.

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na katika televisheni hadi watoto waliporudi mwezi Juni. Msowero tulipita nyumba kwa nyumba. Redio zilikuwapo, simu zilikuwapo. Waliosoma ni wale ambao dada, babu au jirani aliketi nao. Wengine waliacha kipindi kikipita kama tangazo la biashara.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu nchi nzima. Ni mali kubwa, kubwa kuliko redio zote tulizopata kuzibeba kwa baiskeli. Kwa muda uliobaki kabla ya kustaafu tumeandika barua kwa wakubwa wetu, tukipendekeza kwamba katika kata yetu walimu wakutane mara moja kwa juma, watazame somo moja kwa pamoja, wabishane, na waandike walichoamua kukijaribu darasani na nani amekwisha kukijaribu. Gharama tuliyoomba ni ya madaftari 12. Barua imepokelewa na kupewa namba ya jalada. Jibu bado, na bado, na bado.